Namna ya Kutambua Haiba ya Mhusika wa Anime Aliyezaliwa na Ngano: Mwongozo Kamili Kupitia Binti Kaguya

Anayejaribu kumpa Binti Kaguya, msichana wa mwezini wa ngano ya Kijapani iliyogeuzwa kuwa anime, yaani filamu ya katuni ya Kijapani, herufi nne za haiba za mfumo wa MBTI (nitaueleza hapa chini) hukwama mapema. Mara ni mtoto anayekimbia porini akipiga kelele, mara ni mwali aliyenyamaza nyuma ya pazia. Hapa anawatuma wanaume watano wakatafute vitu visivyopatikana, pale anaangua kilio kwa ajili ya mmoja wao. Anayesema ni INFP ana tukio lake la kuonyesha, anayesema ni ISFP analo, na anayesema ni ENFP naye analo. Ubishi hauishi kwa sababu kuna swali lililorukwa: katika yote anayofanya Kaguya, lipi ni lake na lipi ni la hadithi?

Sisi tuliokulia ngano tunalijua jambo hili bila kufundishwa. Sungura ni mjanja kwa kuwa hadithi inamtaka awe mjanja, na fisi ni mlafi kwa kuwa bila ulafi wake kisa hakiendi. Hakuna anayeuliza kama sungura anaufurahia ujanja wake au anachoshwa nao. Mhusika wa anime aliyetoka kwenye ngano ya Kijapani hubeba mzigo wa namna hiyohiyo: kuna mambo anayafanya kwa sababu yalikwisha kusimuliwa hivyo kwa zaidi ya miaka 1,000. Ukiyahesabu hayo kuwa tabia yake, utaipima ngano badala ya mtu.

Mwongozo huu unafuata njia moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na mfano wake ni Kaguya wa filamu ya Isao Takahata iliyotolewa na Studio Ghibli, kampuni ya katuni ya Japani, mwaka 2013. Nimemchagua kwa sababu ngano yake ipo kwa maandishi, tunaweza kuishika mkononi na kuilinganisha na filamu tukio kwa tukio. Wahusika wengi hawana bahati hiyo.

Kwanza kipimo chenyewe

Mfumo wa herufi nne unaitwa MBTI. Mizizi yake ni kitabu cha mwaka 1921 cha Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, kuhusu aina za nafsi. Wamarekani wawili, Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers, ndio waliokigeuza kuwa dodoso lenye aina 16 za watu. Herufi ya kwanza inauliza mtu anapata wapi nguvu: E kwa anayechangamshwa na watu na mambo ya nje, I kwa anayejikusanya ndani ya nafsi yake. Ya pili inauliza anaupokeaje ulimwengu: S kwa anayeamini macho, masikio na mikono yake, N kwa anayeona kwanza maana iliyojificha nyuma ya vitu. Ya tatu inauliza anaamuaje: T kwa hoja, F kwa kile moyo wake unachokithamini. Ya nne inauliza anaendeshaje maisha: J kwa anayetaka mambo yapangwe yaishe, P kwa anayeyaacha wazi na kuyafuata yanavyokuja.

Watafiti wengi wa saikolojia hawaukubali mfumo huu kuwa kipimo cha kutegemewa cha binadamu, na moja ya sababu zao ni kwamba watu wengi hupata herufi tofauti wakijibu dodoso mara ya pili. Usiutumie kuamua nani aajiriwe wala nani aolewe. Kwa mhusika wa hadithi una kazi nyingine, na kazi hiyo unaiweza: unakulazimisha urudi kwenye tukio, uliangalie vizuri, useme kwa nini alifanya alichofanya.

Hatua ya 1: Amua unampima Kaguya yupi

Jina hili limevaliwa na wengi. Kaguya Otsutsuki wa mfululizo wa Naruto ni mungu mke wa kutisha aliyekula tunda la mti mtakatifu. Kaguya Shinomiya wa manga (hadithi ya vibonzo ya Kijapani) ya Aka Akasaka, iliyoanza mwaka 2015, ni msichana wa ukoo tajiri anayepigana vita vya akili na kijana mwenzake shuleni, kila mmoja akingoja mwingine ndiye akiri mapenzi. Wote wawili wamekopa kitu kwa binti wa mwezini, lakini haiba zao hazigusani. Wa Akasaka anapanga, anapima, anaweka mitego. Huyo nakubali ana T na J bila kubishana sana.

Andika juu ya karatasi yako jina la kazi, mwaka na mwongozaji au mchoraji wake. Ni hatua fupi, ila ukiiruka, mtu atakuletea ushahidi kutoka kwa Kaguya mwingine na mjadala utavurugika hapohapo.

Hatua ya 2: Soma ngano mpaka uweze kuisimulia

Taketori Monogatari, Hadithi ya Mkata Mianzi, iliandikwa mwishoni mwa karne ya 9 au mwanzoni mwa karne ya 10. Mwandishi wake hajulikani. Murasaki Shikibu, aliyeandika Hadithi ya Genji mwanzoni mwa karne ya 11, anaitaja humo kuwa mzazi wa hadithi zote za aina hiyo.

Kisa chake ni hiki. Mzee anayekata mianzi anaona mwanzi mmoja unang'aa, na ndani yake amekaa msichana mwenye kimo cha inchi tatu hivi. Anampeleka kwa mkewe. Mtoto anakuwa mwanamwali kwa miezi mitatu, na mzee anaanza kukuta dhahabu ndani ya mianzi mpaka anatajirika. Wanaume watano wakubwa wanakuja kuposa. Kaguya anampa kila mmoja kitu cha kuleta: bakuli la mawe la Buddha, tawi la vito kutoka mlima Horai wa hekaya, vazi la ngozi ya panya wa moto, kito cha shingoni mwa joka, na kombe (gamba la baharini) la bahati linalozaliwa na mbayuwayu. Wote wanashindwa, wengine kwa udanganyifu, mmoja kwa kifo. Mfalme Mkuu wa Japani naye anamtaka, anakataliwa, kisha wanabaki kuandikiana mashairi kwa miaka mitatu. Mwishowe Kaguya anasema yeye ni wa mwezini, na usiku wa tarehe 15 ya mwezi wa nane watu wake wanakuja kumchukua. Anavishwa vazi la manyoya linalomsahaulisha huruma yote, anaondoka. Mfalme anaamuru dawa ya kutokufa aliyoachiwa ichomwe juu ya mlima Fuji.

Sasa weka alama kwenye mambo ambayo yakiondolewa hadithi inakufa. Lazima atoke kwenye mwanzi. Lazima akatae wanaume. Lazima arudi mwezini. Haya matatu ni mifupa ya ngano, na mwongozaji yeyote anayeishika ngano hii atayarithi. Kwa hiyo kukataa kwake kuolewa hakukuambii kitu kuhusu haiba yake. Kinachosema ni namna anavyokataa.

Hatua ya 3: Laza ngano na filamu ubavu kwa ubavu

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo ningekushauri utumie nusu ya muda wako wote. Gawa karatasi sehemu tatu: yaliyorithiwa bila kubadilishwa, yaliyobadilishwa, na yaliyoongezwa.

Sehemu ya kwanza ipe uzito mdogo. Chukua tukio ambalo kila mtazamaji analikumbuka: baba yake anaahidiwa cheo ikulu iwapo binti ataenda kwa Mfalme, na Kaguya anasema atamwacha baba apate cheo chake kisha yeye afe. Maneno mazito, na unaweza kushawishika kuyajengea hoja nzima. Lakini yamo katika maandishi ya kale karibu kama yalivyo. Takahata aliyaacha, na kuyaacha ni uamuzi, kwa hiyo usiyafute. Yaweke tu chini ya orodha.

Sehemu ya pili ni tajiri zaidi. Katika ngano, Kaguya anaamua mwenyewe kila mposaji alete nini, kama hakimu anayesoma hukumu. Katika filamu mambo yanaenda kinyume. Wanaume ndio wanaoanza kujigamba: mmoja anasema binti ni wa thamani kama tawi la vito la Horai, mwingine anamfananisha na vazi la panya wa moto, na hivyo hivyo hadi wa tano. Kaguya anawajibu kwamba kama wanasema kweli, basi kila mmoja amletee kile alichomfananisha nacho. Huyu hakukaa usiku kucha akibuni mitego. Alisikia maneno matupu, akayachukua yalivyo, akayarudisha kwa wenyewe papo hapo. Hiyo ni tofauti kubwa ya haiba, na imo kwenye badiliko moja la mwongozaji.

Badiliko la pili ni kifo cha Isonokami, yule aliyeanguka akitafuta kombe la mbayuwayu. Ngano inasema Kaguya alimhurumia kidogo. Kidogo tu, na kisa kinaendelea. Katika filamu habari ile inamvunja. Anakimbilia bustani yake, anaikatakata na kuipondaponda huku akilia kwamba yote ni bandia, na yeye mwenyewe ni bandia. Mtu mmoja, tukio moja, na umbali wa mbingu na ardhi kati ya mioyo miwili.

Na Mfalme: ngano inawapa miaka mitatu ya mashairi na upole. Filamu inamwonyesha akimkumbatia Kaguya kwa nyuma bila ridhaa yake, na katika mshtuko ule binti, bila kutamka neno, anauomba mwezi umwondoe. Anayagundua maombi hayo baadaye na kuyajutia.

Sehemu ya tatu ni ya yale ambayo hayamo kabisa katika ngano. Utoto wa kijijini, watoto wakimwita Takenoko, yaani chipukizi la mwanzi. Sutemaru, kijana wa mafundi wa mbao. Wimbo wa gurudumu la maji unaotaja ndege, wadudu, wanyama, nyasi, miti na maua. Bustani ndogo nyuma ya jumba la kifahari. Kutoroka kwake usiku wa karamu. Safari ya kwenda kuona maua ya micheri. Haya yote Takahata aliyaweka kwa kutaka, hakuna ngano iliyomsukuma. Ushahidi wako mkuu utoke humu.

Jambo moja la kiufundi: tazama filamu kwa sauti ya Kijapani ukiwa na maandishi ya tafsiri chini. Waigizaji walirekodi sauti kabla ya michoro kukamilika, na Takeo Chii aliyemwigiza baba alifariki mwaka 2012, filamu ikiwa bado haijatoka. Wachoraji walizifuata pumzi na vicheko vya waigizaji. Mtazame pia mstari wa penseli wenyewe. Katika kutoroka, mistari laini ya rangi za maji inageuka mikwaruzo mizito ya mkaa, na sura ya binti inakaribia kupotea ndani yake. Pale mchoro unakueleza kilichomo kifuani mwake kabla ya mazungumzo yoyote.

Hatua ya 4: Jifunze adabu za mahali, usije ukaita adabu haiba

Maisha ya jumba lile ni ya mabinti wa tabaka la juu wa enzi ya Heian, karne ya 8 hadi ya 12. Mwanamke wa hadhi hakuonekana na wanaume wageni. Aliketi nyuma ya mapazia na vipande vya mianzi. Nyusi zilinyofolewa na kuchorwa upya juu ya paji la uso. Meno yalipakwa rangi nyeusi. Sagami, mwalimu wake katika filamu, anafundisha haya yote kwa uzito, na hata kutembea kunafundishwa upya.

Kwa hiyo ukimwona Kaguya ameketi kimya gizani nyuma ya pazia, usikimbilie kuandika I. Kila binti wa daraja lake angeketi vile. Vivyo hivyo upole wake mbele ya wageni si ushahidi wa F. Jiulize kila mara: je, mwenzake wa hadhi ileile angefanya tofauti? Jibu likiwa hapana, tukio hilo halina herufi ndani yake.

Kinachobeba herufi ni pale anapoikanyaga adabu. Anakataa kunyofolewa nyusi kwa hoja ya mtoto, kwamba jasho litaingia machoni. Anakataa meno meusi kwa kuwa hataweza kucheka. Angalia: hoja zote mbili ni za mwili. Hasemi mila ni mbaya, hasemi wanawake wanaonewa. Anasema jasho, anasema kicheko. Liweke hilo, tutalihitaji.

Hatua ya 5: Chuja matukio ya hiari

Katika orodha ya yaliyoongezwa, chagua yale ambayo Kaguya angeweza kufanya vingine na hakuna aliyemlazimisha. Kwa kila tukio andika sentensi tatu: amefanya nini, nani alikuwa anamtazama, na limemgharimu nini. Matukio sita au saba yanatosha. Orodha ya matukio 40 huzaa uvivu wa kufikiri, kwa sababu humo kila herufi itapata kitu cha kushikilia.

Mimi ningebaki na haya: michezo ya kijijini, koto (kinanda cha nyuzi cha Kijapani), bustani, kutoroka, maua ya micheri, na maneno yake ya mwisho kwa watu wa mwezini. La koto watu hulipita haraka. Wakati wa masomo anacheza na kumkatisha tamaa mwalimu wake, kisha anapiga kinanda kile vizuri kabisa. Aliweza muda wote. Kilichokosekana ni yeye kutaka.

Hatua ya 6: Zipange herufi, ukianza na iliyo rahisi

Hakuna sheria kwamba lazima uanze na ya kwanza. Anza na ile yenye ushahidi usiotikisika, ikusaidie kuzifikia nyingine.

*F.* Kifo cha Isonokami kinatosha. Kwa hoja, Kaguya hana kosa: mtu mzima alipanda mwenyewe mahali pa hatari kwa tamaa yake. Mtu wa T angeumia pia, ila angejitenganisha na lawama hiyo. Yeye hakujitenganisha hata kwa dakika moja. Ongeza safari ya maua: anacheza chini ya mti uliochanua, amefurahi kupita kiasi, kisha anagongana na mtoto mdogo, na familia ya mtoto inajitupa chini kumwomba radhi kwa sababu ya cheo chake. Furaha inazimika palepale na anataka kurudi nyumbani. Thamani moja imeguswa, siku nzima imekwisha.

*P.* Hapangi. Anatoroka usiku bila chakula, bila kumwambia mtu, akivua na kutupa mavazi njiani tabaka kwa tabaka. Akijua anaweza kuondoka, bado hatumii miaka iliyofuata kuandaa njia ya kuondoka tena. Hata ile mitihani ya waposaji, inayofanana na mpango, tumeona ilizaliwa papo hapo kwa maneno yao.

*S au N.* Hapa ndipo ubishi wa kweli. Wanaosema N wana hoja nzuri: Kaguya anaishi kwa kutamani mahali pengine, na bustani yake ni ishara ya kijiji alichopoteza. Mtu anayejenga ishara na kuishi ndani yake ananukia N. Siipuuzi hoja hii.

Hata hivyo itazame bustani kwa karibu. Hakuiandikia shairi wala hakuiota. Alishika udongo. Alitaka kitu cha kunusa na kugusa, majani na wadudu, karibu na mama yake afumaye na kupika upande ule wa nyuma. Rudi kwenye jasho na kicheko. Rudi kwenye wimbo, ambao ni orodha ya vitu vyenye uhai vinavyoonekana kwa macho. Maneno yake kwa mtumishi wa mwezini yanafuata njia hiyohiyo: anamkatalia kwamba dunia ni chafu, anataja furaha na huzuni, viumbe na rangi zake, na kabla hajamaliza vazi linatua mabegani. Hana nadharia ya dunia. Ana dunia yenyewe. Naandika S bila kusita, ingawa najua wengi wataniacha hapa.

*I au E.* Utoto wake unavuta kuelekea E: anawafuata watoto wakubwa, anacheka kwa sauti, anarukia kila jambo. Ila pima maamuzi mazito. Kutoroka alitoroka peke yake. Mwezi aliuomba peke yake, kwa kina ambacho hata yeye hakukisikia. Siri ya kwamba lazima aondoke aliishi nayo mpaka ilipomfurika, ndipo wazazi wakaambiwa. Hata baada ya kuzimia kwenye theluji na kujikuta tena karamuni, hakumsimulia mtu. Alinyamaza, akakubali nyusi zinyofolewe na meno yapakwe. Mtu wa E aliyejeruhiwa vile hutafuta wa kumweleza. Naandika I.

Tumepata ISFP.

Hatua ya 7: Mpe mpinzani nafasi ya haki

Herufi nne zikipatikana, chukua aina iliyo jirani zaidi uijengee kesi kwa bidii kana kwamba umelipwa kuitetea. Kwa Kaguya jirani huyo ni INFP. Wafuasi wa mfumo huu husema aina hizi mbili zina moyo mmoja, hisia ya ndani inayopima kila kitu kwa thamani ya mtu mwenyewe. Zinatofautiana katika mkono wa pili. ISFP hutoka kwenda duniani kwa milango ya fahamu, hapa na sasa. INFP hutoka kwa mawazo, kwa "ingekuwaje kama", na hujishikiza kwenye kumbukumbu.

Kesi ya INFP basi ni kumbukumbu. Anakumbuka kijiji, anamkumbuka Sutemaru, na chanzo cha yote ni kumbukumbu pia: kule mwezini alimsikia mwanamke aliyewahi kuishi duniani akiimba huku machozi yakimtoka, akaitamani dunia kabla hajaigusa. Hiyo ya mwisho ndiyo hoja kali kuliko zote. Alitamani asichokijua, kwa wimbo tu.

Jipime kwa swali moja: mhusika akizidiwa, anafanya nini? INFP akizidiwa hujifungia katika kinachoweza kuwa. Kaguya akizidiwa, mwili wake unaondoka kabla yake. Karamu ikimwumiza, anakimbia. Kifo kikimfika, mikono inaangamiza bustani. Akikutana tena na Sutemaru, anakimbia, anaruka, na filamu inawapaisha hewani. Mara tatu jibu lake la kwanza ni mwendo. Kwa sababu hiyo nabaki na ISFP, na nakubali kwamba tukio la wimbo wa mwezini linabaki nje ya kesi yangu.

Ukifika hapa ukakuta mpinzani ameshinda, badilisha herufi. Ndiyo maana ya hatua hii.

Hatua ya 8: Ukitaka, ongeza Enneagram

Mfumo huu una aina tisa na hauulizi mtu anafanya nini, unauliza anaogopa nini. Kwa Kaguya wengi watakimbilia namba 4, mwenye hofu ya kukosa nafsi yake ya kweli, na kilio chake kwamba yeye ni bandia kinaelekeza huko moja kwa moja. Namba 9, anayejifuta ili wapendwa wake wabaki na amani, nayo inadai: miaka yote jumbani ni ya kumridhisha baba anayeamini kwamba vyeo na hariri ndiyo furaha ya binti yake. Naona 4 ndiye mtu na 9 ndiyo njia aliyoishika kwa kumpenda baba. Kilichomuua ndani ni kile kile alichokifanya kwa upendo, na filamu haimgeuzi baba kuwa mwovu hata mara moja.

Hatua ya 9: Andika hukumu inayoweza kupingwa

"Kaguya ni ISFP" pekee haina msaada. Andika hivi: Kaguya wa Takahata, 2013, ni ISFP kwa sababu katika matukio aliyoongezewa na mwongozaji anaamua kwa thamani ya ndani, anajibu kwa mwili na milango ya fahamu, na hapangi; ningeibadilisha kuwa INFP mtu akinionyesha tukio ambalo wazo lilimtuliza pale mwili uliposhindwa. Msomaji sasa anajua aende kutafuta nini. Weka pia ushahidi ulioshindwa kuueleza, kama wimbo ule wa mwezini. Hoja iliyoficha tobo lake huaminika mpaka tobo lionekane.

Hatua ya 10: Ijaribu njia kwa mhusika mwingine

Mchukue Kurama wa Yu Yu Hakusho, kazi ya Yoshihiro Togashi, anime yake ikiwa ya miaka ya 1992 hadi 1995. Ni roho ya mbweha. Katika ngano za Kijapani mbweha hujigeuza binadamu, hulaghai, huishi miaka mingi na kuongezewa mikia. Kwa hiyo akili yake ya hila, kujigeuza kwake na utulivu wake wa kale viweke kwenye sehemu ya kwanza ya karatasi, yale yaliyorithiwa. Wengi humpa INTJ au INFJ kwa kutumia hayo tu.

Sasa tafuta aliyoyaongeza Togashi. Mbweha huyu, akiwa amejeruhiwa, alijificha ndani ya mimba ya mwanamke wa kibinadamu, akazaliwa kwa jina la Shuichi Minamino, na nia yake ilikuwa kuondoka nguvu zikirudi. Nguvu zilirudi, hakuondoka. Mama yake alikuwa ameumia mikono akimkinga mtoto asianguke juu ya vyombo vilivyovunjika. Mama huyo alipougua, Kurama aliiba kioo kinachotimiza ombi kwa gharama ya uhai wa mwombaji, akakaa nacho usiku wa mwezi mpevu tayari kulipa. Aliiba kwa mpango wa mbweha, kila hatua imepimwa. Alichokuwa anakinunua kwa mpango huo hakimo katika ngano ya mbweha. Anza na tukio hilo, andika zile sentensi tatu, kisha uone kama herufi ya tatu uliyompa bado inasimama.